Gari lililomkataa mjane

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Fundi anaweka kiganja juu ya injini na kukiacha hapo kwa muda, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Kisha anaridhika. Injini ni ya baridi kama sakafu ya saruji, na hivyo ndivyo anavyoitaka.

"Mtu asiguse ufunguo," anasema kwa sauti ya chini. "Gari hili likiwaka hata mara moja, ushahidi wote umepotea. Itabidi turudi kesho."

Tuko katika uwanja wa karakana ya useremala, kwenye mtaa uliopanda kilima. Mbele yetu kuna pikapu nyeupe ya dizeli yenye umri wa miaka ishirini na miwili. Ukutani yamesimamishwa majeneza manne ambayo bado hayajapakwa vanishi. Taa ni balbu moja juu ya mlango, na kila upepo ukiipiga vivuli vya majeneza vinahama kidogo na kurudi mahali pake. Mwandishi wa makala haya hana aibu kusema kwamba alitamani jua lifanye haraka.

Fundi ana miaka hamsini na miwili na wateja wake humwita Fundi Baridi. Jina hilo amelipata kwa kazi ambayo mafundi wenzake huikimbia: magari ya dizeli yanayosumbua kuwaka asubuhi. Baridi ya mtaa huu inauma masikio, kwa hiyo wagonjwa hawakosekani.

"Mafundi wengi wanalitazama gari mchana," anasema. "Mchana gari lina adabu zote. Wewe nenda kaliamshe alfajiri, ndipo utajua tabia yake."

Lakini gari hili la leo limemshinda mara mbili, na si la mteja. Lilikuwa la kaka yake.

Kaka mtu alikuwa seremala wa majeneza na dereva wake mwenyewe. Watu walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari, hata likiwa tupu. Alifariki miezi saba iliyopita. Karakana na pikapu vimebaki kwa mkewe, mama wa miaka arobaini na sita ambaye mtaa unamjua kwa jina la Mama Satini, kwa sababu ndiye anayeshona vitambaa vya ndani ya majeneza.

Tangu mumewe azikwe, gari hilo halitaki kuwaka asubuhi. Mama Satini anapiga starta, inalia, inalia, inachoka. Siku nyingine dakika ishirini. Siku nyingine majirani watatu wanaitwa kusukuma, huku jeneza la watu likisubiri nyuma na wenye msiba wakipiga simu.

Hilo pekee lingekuwa jambo la kawaida, kwani magari makuukuu hayana haya. Linalotisha ni lile lililofuata. Fundi Baridi alilichukua gari hadi kwenye gereji yake, akalilaza kwenye baridi ile ile usiku tatu mfululizo, na kila alfajiri liliwaka kwa mguso wa kwanza wa ufunguo. Akabadilisha hita plagi zote nne, zile zinazopasha moto vyumba vya kuchomea mafuta kabla injini haijawaka, akalirudisha kwa shemeji yake. Asubuhi iliyofuata likagoma. Akalichukua tena, akaweka betri mpya, likalala kwake siku nyingine tatu. Likawaka kama limetoka kiwandani jana. Alipolirudisha, likagoma.

Kwa shemeji linakufa, kwa mdogo wa marehemu linafufuka. Mtaa hauhitaji zaidi ya hapo ili uanze kusema.

"Wanasema gari limenikataa," anasema Mama Satini. Amejifunga shuka mabegani na ameshika ufunguo kwa mikono miwili. "Wanasema mwenyewe yumo ndani, na anajua nilichomfanyia."

Alimfanyia nini? Hapo ndipo hadithi inapokuwa chungu. Alfajiri ile mumewe alipozidiwa na kifua, Mama Satini alimwita jirani aendeshe gari wampeleke hospitali. Gari halikuwaka. Zilipita dakika arobaini hadi wakapata gari jingine. Mgonjwa alifika akiwa hajitambui, na siku ya tatu akafariki. Dada mkubwa wa marehemu alisema mbele ya watu kwamba gari la mdogo wake halijawahi kugoma hata siku moja, iweje ligome siku hiyo tu, mikononi mwa mke?

Kisha kikaja kikao cha ukoo. Dada mtu akamuuliza fundi: "Kwako linawakaje?"

"Nikajibu kwamba kwangu linawaka mara ya kwanza," anakumbuka fundi. "Nilisema kweli tupu, kama fundi. Sikuangalia kweli yangu inakwenda kumchoma nani. Niliona tu watu wote wamegeuza shingo kumtazama shemeji."

Kikao cha pili ni Jumapili hii, siku mbili kutoka sasa. Ukoo unataka gari na karakana virudi kwao, na mjane arudi kwao alikozaliwa. Ndiyo maana safari hii fundi hakulichukua gari. Amekuja kulifuata lilipolala.

"Mimi sigombanii bati na mbao," anasema Mama Satini. "Wachukue. Lakini niondoke hapa naitwa nani? Muuaji?"

Anatutazama, halafu anaongeza jambo ambalo hakuliambia ukoo. Jioni akishazima gari na kukaa kwenye kiti kwa muda, bila redio, analisikia likivuta pumzi. Pumzi ndefu, nyembamba, kutoka chini ya miguu yake. Kisha linameza mate.

"Mwanzoni nilikimbia," anasema. "Siku hizi nakaa. Namwambia habari za kutwa."

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu, na aliifunga kwa muda mrefu.

Saa kumi na moja na nusu. Fundi anachuchumaa nyuma ya gari, macho kwenye bomba la moshi, na kumwomba shemeji yake apige starta kwa kuhesabu mpaka kumi. Starta inalia. Injini inazunguka kwa nguvu, betri haina tatizo. Mama Satini anaachia. Fundi haondoki pale, ananusa, anapitisha kiganja mbele ya bomba.

"Moshi uko wapi?" anauliza, kana kwamba mtu ameuficha.

Anaeleza taratibu, na hapa mwandishi alielewa kwa nini watu humfuata mtu huyu kutoka mbali. Gari la dizeli likigoma kwenye baridi huku likitoa moshi mweupe, maana yake mafuta yanafika lakini hayashiki moto, basi angalia hita plagi. Likigoma bila moshi hata kidogo, mafuta hayajafika kabisa. Injini inatafuna hewa.

"Mara zote mbili nilibadilisha vitu kwa sababu ya maneno niliyoambiwa," anasema. "Sikuwahi kuliona likigoma kwa macho yangu. Kwangu halikugoma, sasa ningeona nini? Nilikuwa natibu mgonjwa ambaye sijawahi kumwona akiumwa."

Anafungua boneti. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ndogo ya mkono, kifuniko cheusi cha mviringo kinachobonyezwa ili kuvuta mafuta kutoka kwenye tangi. Anakimulika kwa tochi na kuinama karibu. Injini yote imefunikwa na vumbi la mbao lililochanganyika na mafuta, ukoko mweusi wa miaka. Kifuniko cha pampu peke yake kinang'aa. Kimelambwa na kiganja cha mtu, siku baada ya siku, mpaka kimekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani.

Fundi anaweka mkono wake palepale na kubonyeza. Pampu ni laini, tupu. Anabonyeza tena, na tena, midomo ikicheza bila sauti kwa kuhesabu.

Ghafla Mama Satini anapiga ukelele.

"Shemeji, acha! Acha, tafadhali!"

Ameegemea ukuta, kati ya majeneza mawili, shuka limeanguka. Fundi anatoa kichwa chini ya boneti. Mwandishi alimtazama mwanamke huyo, akamtazama fundi, na nywele za shingoni zikamsimama kabla hajajua sababu.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya," anasema mjane akihema. "Kila alfajiri. Kichwa ndani, mkono unakwenda, midomo inacheza. Hivyo hivyo. Na nyie mmefanana mgongo. Nilidhani anaiombea safari. Wengine walisema anazungumza na gari."

"Alikuwa anahesabu," anasema fundi polepole.

Anarudi kwenye pampu. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Kwenye thelathini kifuniko kinakuwa kigumu chini ya kiganja chake, mafuta yamejaa. Anamwashiria shemeji yake. Mama Satini anaingia kwenye gari, anazungusha ufunguo, na pikapu inawaka palepale, mara moja, kwa mngurumo unaotikisa vioo vya karakana.

Mjane hakushangilia. Alizima haraka, akashuka, akasimama mbali.

Fundi anatoa nati moja ya mviringo mfukoni na kuiweka chini, kando ya tairi la mbele. Nati inabingirika peke yake kuelekea nyuma, inaongeza mwendo, inagonga lango.

"Uwanja umeinama," anasema. "Gari limelala mdomo juu, tangi liko chini. Kwangu uwanja umeinamia barabarani, kila gari linalala mdomo chini. Kama kuna mahali panaingiza hewa, hapa mafuta yanarudi kwenye tangi usiku, kwangu hayarudi." Anamgeukia shemeji yake. "Kaka alikuwa analiingizaje hapa?"

"Kinyumenyume. Mimi siwezi, lango jembamba, nimejifunza kuendesha uzeeni. Naingia na mdomo."

"Kila siku kinyumenyume?"

"Kila siku." Kisha uso wake unabadilika. "Isipokuwa ile jioni. Alirudi anashika kifua. Akaingia moja kwa moja, akazima, akaniita nije nimshike mkono ashuke."



Fundi anatandika gunia, anajilaza chali na kujisukuma chini ya gari na tochi mdomoni. Anaifuata njia ya mafuta kutoka tangini, sentimita kwa sentimita, kwa vidole. Tunaona viatu vyake tu. Vinasogea, vinasogea, vinasimama. Vinakaa vimesimama kwa muda ambao mwandishi aliupima kwa saa yake, kwa sababu ulianza kutia hofu. Dakika sita.

"Umeona kitu?" anauliza Mama Satini.

"Nimeona."

"Ni nini?"

Anatoka, uso una vumbi, hamtazami mtu. "Mpira wa mafuta umechoka kwenye kiungo. Unavuta hewa. Hiyo ndiyo pumzi unayoisikia, shemeji. Ni hewa inaingia na mafuta yanarudi."

"Kwa hiyo siyo yeye."

"Siyo yeye."

Mjane anaitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu. Machozi yanamtoka, na mwandishi hakuweza kujua ni ya kufunguliwa au ya kufiwa mara ya pili. Huenda naye hakujua.

"Basi lifunge," anasema akijifuta kwa shuka.

"Jumapili. Nataka wote walione likigoma kwanza. Mpaka hapo bonyeza hapa mara thelathini kila asubuhi, litawaka."

Ilikuwa sababu nzuri na mjane aliikubali. Fundi alikusanya vifaa na tukashuka pamoja hadi kwenye gereji yake. Huko alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaifuta, akainawa tena. Ndipo akamweleza mwandishi kilichomchelewesha chini ya gari.

Kiungo cha mpira ule hakikufungwa kwa klempu, ule mkanda wa chuma unaokazwa kwa skrubu. Kilifungwa kwa waya, na ncha za waya zilikuwa zimesokotwa kuelekea kushoto. Mafundi wote wanaofanya kazi mtaani husokota kwenda kulia. Anayesokota kushoto ni mmoja, na ni kwa sababu anatumia mkono wa kushoto.

"Huu hapa," alisema na kuuinua mkono ule uliokuwa bado unatiririka maji.

Miaka miwili na nusu iliyopita, Taratibu alipita gereji asubuhi akiwa na haraka ya kupeleka jeneza. Gari lilikuwa likivuja dizeli. Mdogo mtu alikuwa na magari ya wateja mawili yamefunguliwa, akachukua waya, akafunga kiungo kwa dakika tatu. Akamwambia kaka yake: "Lipaki mdomo chini, na asubuhi ulipampu kidogo. Mpira mpya nitakuwekea siku moja."

"Hiyo siku moja haikufika," anasema. "Ndugu hupewa siku moja. Mteja hupewa Jumanne saa nne. Nilipofunga ule waya nikasahau kabla hajafika kwenye kona. Na yeye hakunikumbusha. Karibu miaka miwili, mpaka anakufa, anaingia kinyumenyume kwenye lango lile, kila alfajiri anapampu thelathini, hasemi kitu. Tumekula pamoja mara ngapi? Hakusema. Hakutaka kunisumbua."

Mpira wenyewe bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kuununua.

Mwandishi alimuuliza swali ambalo msomaji naye analo: kwa nini asingeukata waya palepale chini ya gari, akaweka mpira mpya, na mambo yakaisha? Gari lingewaka na hakuna ambaye angejua.

"Nililiwaza," alijibu bila kuzunguka. "Hizo dakika sita ulizosimama, nilikuwa na koleo mkononi. Lakini nikifunga kimya kimya, wao watasema nini? Watasema mimi nimemtoa kaka kwenye gari. Shemeji atabaki na jina lake lile lile. Atakuwa ameachwa tu na mzimu, hajasafishwa."

Jumapili, saa kumi na mbili kasoro, wamekuja watu tisa. Wamesimama uwanjani wamejikunyata, pumzi zinatoka kama mvuke wa birika, kila mmoja akilikwepa gari kwa hatua moja zaidi ya mwenzake. Hakuna aliyeegemea ukuta wa majeneza. Mama Satini hakubonyeza pampu asubuhi hii. Amesimama mlangoni, shuka mabegani, mikono imefungwa kifuani.

Fundi anamkabidhi ufunguo dada yake mkubwa, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Liwashe wewe, dada."

"Mimi sijui kuendesha."

"Huendi popote. Zungusha tu. Kaka alikupenda kuliko sisi wote, wewe halitakukataa."

Dada mtu akapanda. Akazungusha. Starta ikalia, ikalia, ikalia. Akaachia, akajaribu tena. Ilipofika mara ya nne alikuwa akizungusha kwa nguvu kana kwamba anafungua mlango uliofungwa kwa ndani na mtu anayemjua. Gari lilibaki kimya. Alikaa pale mikono juu ya usukani, na kutoka nje, kupitia kioo chenye umande, uso wake ulionekana umezeeka kwa miaka kumi.

"Ba'mdogo, na wewe," fundi akamwita mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu.

"Mimi sikumfanyia kitu chochote," mzee akajibu upesi.

"Hakuna aliyesema umemfanyia. Zungusha tu ufunguo."

"Nimesema sikumfanyia kitu!" Akarudi nyuma mpaka akamkanyaga mtu. Mahali pengine watu wangecheka. Hapa walimtazama tu yule mzee, wakagundua kwamba kila mmoja wao anatafuta pa kusimama ili asiwe wa tatu.

Fundi alifungua boneti. Akabonyeza thelathini, safari hii akihesabu kwa sauti ili wasikie. Kisha akamwambia dada yake azungushe. Gari likawaka mara moja, na dada mtu akapiga yowe ndani yake.

Halafu akawaambia. Alieleza mpira na waya na mteremko, akaonyesha kwa nati, na akawapitisha mmoja mmoja chini ya gari na tochi, wenye suti na wenye khanga, waone ncha zilizosokotwa kushoto. Hakuificha miaka miwili na nusu. Hakuificha "siku moja".

"Ile jioni aliingia na mdomo kwa sababu alikuwa hana nguvu," alimaliza. "Alfajiri hakuna aliyejua kupampu, kwa sababu tulijua wawili tu. Mmoja alikuwa kitandani, mwingine alishasahau. Shemeji hana hatia. Gari halikumkataa yeye. Ni kazi yangu mimi ndiyo iligoma."

Dada mtu alishuka akishikilia mlango.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake ile haikuwepo. "Zile dakika arobaini. Angefika mapema angepona?"

"Sijui, dada. Daktari ndiye anajua. Sikumuuliza." Akautazama mkono wake wa kushoto. "Tangu Ijumaa naogopa kumuuliza."

"Mimi nilimuuliza."

Wote waligeuka. Mama Satini hakuwa ameondoka mlangoni.

"Siku ileile nilimuuliza," alisema. "Alisema isingesaidia. Moyo ulishaharibika. Hata kama angeletwa usiku, isingesaidia."

"Mbona hukusema miezi yote hii?" alifoka Ba'mdogo, ambaye ujasiri ulikuwa umemrudia. "Tumekaa vikao hapa!"

"Hakuna aliyeniuliza daktari alisema nini. Mliuliza gari."

Dada mtu alitembea ule uwanja wote, polepole, akasimama mbele ya wifi yake. Akaliokota shuka lililokuwa likiburuta chini na kumrudishia begani. Alibaki ameishika ile ncha ya shuka, kama mtoto, na hakuondoa mkono.

"Mpira umekuja nao?" Mama Satini alimuuliza fundi juu ya bega la wifi yake.

"Ninao."

"Basi funga, shemeji. Kesho saa moja nina watu wananisubiri."

Fundi alifunga, kwa klempu mbili, huku watu tisa wakisimama juu yake. Kikao hakikukaliwa. Karakana imebaki ilipokuwa na gari limebaki na mwenyewe. Mwandishi alipopita wiki mbili baadaye, Mama Satini alikuwa akirudi kazini. Aliingia na mdomo, akazima, na akakaa kwenye kiti kwa muda kabla ya kushuka. Kulikuwa kimya kabisa. Wifi yake alikuwa ndani akimsaidia kukata satini.

Je, daktari alisema kweli hivyo? Mwandishi alimuuliza fundi, siyo mjane.

"Nimeliwaza sana," alisema. "Shemeji si mtu wa uongo. Lakini pia si mtu wa kuniacha nife. Nimeamua kutokwenda hospitali kuuliza. Hilo alilonipa nimelipokea kama lilivyo."

Kazi anayoifanya sasa haina malipo. Kila siku kabla ya kufungua gereji anakaa na daftari, akijaribu kukumbuka waya zote alizowahi kufunga kwa ahadi ya siku moja: za ndugu, za majirani, za marafiki waliokuja na haraka. Amefikisha magari kumi na saba. Kumi na moja ameyapata na kuyafunga upya bure, na baadhi yake wenyewe hawakujua kama yana tatizo, walidhani ndiyo tabia yake. Sita hajui yalipo. Mawili yaliuzwa, moja lilihama mji, na matatu hawezi kukumbuka sura za wenyewe, anakumbuka viungo tu.

Mpango wake ni kuyapata yote kabla ya msimu ujao wa baridi. Hana namba za simu na hana anwani, ila ana masikio, na anaishi kwenye mtaa wa kilima ambako sauti hupanda.

"Nikisikia starta inalia mahali alfajiri, inalia na haishiki, siwezi kulala tena," anasema. "Natoka. Naifuata. Watu wananiona nabisha hodi gizani na koleo mkononi, wanaogopa, na siwalaumu. Nawaambia tu: samahani, fungua boneti, nadhani hii ni yangu."